Boma la Shayiri

Schaerbeek, Bruxelles, 10 Mei 1992

Papa Jérôme mpendwa,

Mimi ni Mignonne. Unanijua kwa picha tu, ile aliyokutumia Mathieu mwaka jana, nimevaa koti la kijani ambalo hata halikuwa langu. Tangu tarehe 25 Aprili mimi ni mke wa mwanao. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuanza barua hii, kwa utamu wake tu.

Najua kwamba kwenu Katanga, kama kwetu Bukavu, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Humpisha njia, huinamisha macho. Lakini barua haina uso, Papa, ndiyo maana nimethubutu.

Nikuambie nini kwanza? Siku ya arusi ilinyesha mvua ya mawe. Mathieu alinifunika kwa koti lake kutoka ofisi ya ndoa ya commune hadi kituo cha tramu, wageni wote wakitukimbilia nyuma na viatu mkononi, nami nilicheka mpaka rangi ya macho ikateremka mashavuni. Sasa tunaishi chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu. Asubuhi yeye anakwenda kwenye karakana ya tramu, mimi nakwenda Matonge, mtaa wa watu wetu, kusuka nywele katika saluni moja ya Galerie d'Ixelles. Jioni tunakula. Tuna sahani sita, lakini tunakula katika moja.

Kwenye kengele ya mlango ameandika BARTON. Pasipoti yake inasema Ngoy Batoni, lakini anasema kwenye cheti chako cha shule liliandikwa Barton, kabla serikali haijakataza majina ya kizungu. Wateja wangu wamepata la kunitania. Wananiuliza, "Madame Barton, leo tunasukwa ao tunakunywa chai na maziwa?" Mimi nalipenda jina hilo hadi nimekwenda maktaba kuliulizia. Mzee wa maktaba ana kitabu kinene cha majina ya Waingereza. Zamani, akaniambia, kila Mwingereza alikuwa na jina lake moja tu. Watu walipozidi wakaanza kuitwa kwa kazi zao, au kwa baba zao, au kwa mahali walipotoka. Barton ni mahali. Ni maneno mawili ya kale, la kwanza shayiri, la pili boma. Boma la shayiri. Baadaye likawa shamba la bwana mkubwa lililo mbali na nyumba yake, anakowekea nafaka. Mathieu aliposikia shayiri akasema sasa anajua kwa nini anapenda bia.

Lakini nikimwuliza huyo Barton wa kwanza alikuwa nani, anasema babu yake alikuwa Mwingereza wa reli, basi, kisha anawasha redio. Papa, nisimulie wewe. Bibi alimwona wapi? Nani alimpenda mwenzake kwanza?

Barua hii anaileta Bertin, yule mchuuzi wa vitenge anayekuja huku na kurudi. Dada yake ni mteja wangu. Posta ya nchi yetu si unaijua. Bahasha nimeiacha wazi, kama masista wa lycée walivyotufundisha. Barua ya mkononi haifungwi na mwenye kuiandika, maana ni kama kumwambia anayeibeba kwamba humwamini. Yeye ndiye huifunga, mbele ya mwandishi. Bertin hakuijua desturi hiyo, akaitia mfukoni vile vile. Niliona haya kumrekebisha.

Nakubusu mikono, wewe na Maman Berthe.

Binti yenu,
Mignonne Barton


Likasi, 4 Juni 1992

Mkamwana wangu Mignonne,

Barua yako imefika ikiwa wazi kama mlango wa kanisa. Nimeipenda adabu hiyo. Sisi pia tulifundishwa hivyo na mapadri, na ninyi labda ndio wa mwisho kuishika. Bertin ameapa hakuisoma. Namwamini, kwa sababu hakuwa na cheko lolote usoni.

Maman Berthe hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Nilipofika kwenye sahani moja nikaruka. Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia ni maneno ya vijana.

Sasa jina. Nilikuwa mtu wa telegrafu kwenye reli kwa miaka thelathini na tatu, nimezoea kusema kwa maneno machache. Bwana William Barton alikuwa fundi wa mitambo. Alikuja kutoka kusini pamoja na reli, ilipofika huku kwetu kabla ya vita ya kwanza. Aliacha sanduku la bati lililopakwa rangi nyeupe: W. Barton, Lancaster. Ninalo hadi leo, Maman Berthe anawekea unga. Mama yangu alikuwa mwanamke wa hapa hapa. Mwaka wa sabini na mbili, tulipoamriwa kuacha majina ya kizungu, nilimwambia karani kwamba Batoni ni kijiji cha mababu. Akaandika bila kuinua kichwa.

Umenifurahisha na hilo shamba la bwana. Kumbe Waingereza nao waliitwa kwa ghala za mabwana zao. Nilidhani ni sisi tu.

Jina hilo limekuwa paa zuri, mwanangu. Siku hizi hapa mjini kuna watu wanaopita wakihesabu nyumba za wale ambao wazazi wao walitoka Kasai. Wanasema Katanga ni ya Wakatanga, wengine warudi kwao, hata waliozaliwa hapa. Mbele ya nyumba yetu hawasimami. Wanasema, huyu ni Batoni, mtoto wa Mzungu, na mama yake ni wetu. Wanapita.

Kwa hiyo usichimbe sana chini ya nguzo. Mpende mume wako, hiyo ndiyo historia.

Baba yako,
Jérôme Ngoy Batoni


Schaerbeek, 26 Julai 1992

Papa mpendwa,

Nina mambo mawili, na sijui lipi litangulie. Bon, la kwanza. Nina mimba. Daktari anasema mwezi wa tatu. Mathieu alipiga magoti jikoni akazungumza na tumbo langu kwa heshima, kama mtu anayehojiwa na mkuu wa kazi. Alijitambulisha kwa majina yake yote. Nimecheka, halafu nikalia, halafu tukaunguza wali.

La pili ndilo linanisumbua. Utanisamehe, Papa, nimechimba. Nilitaka mtoto azaliwe akiwa na daftari la jina lake, kurasa za mwanzo Uingereza, za kati Likasi, za mwisho Bruxelles. Mzee wa maktaba alinisaidia kuandika barua kwa parokia moja ya Lancaster. Wamejibu, kwa wema sana. Kwenye makaburi yao kuna jiwe la familia, na juu yake limeandikwa jina la William Barton, fundi, aliyefariki Katanga mwanzoni mwa mwaka 1918, umri miaka thelathini na minne. Hakuoa. Hakuacha mtoto. Mama yake alikuwa akileta maua kila mwaka kwenye jiwe ambalo chini yake hakuna mtu.

Mathieu anasema Wazungu wengi waliacha watoto bila kuwaandikia mama zao, na hilo nalijua. Lakini niliitazama ile picha yako iliyo ukutani kwetu, nikamtazama Mathieu, na nywele ndiyo kazi yangu, Papa. Katika nyumba hii hakuna unywele hata mmoja wa Lancaster.

Siulizi kwa udadisi tena. Naomba kwa ajili ya huyu aliye tumboni. Kama Bwana Barton hakuwa na mtoto, wewe ni mwana wa nani? Niambie mimi tu.

Mignonne wako


Likasi, 16 Agosti 1992

Mwanangu,

Barua hii nimeifunga kwa gundi. Unisamehe kwa kukosa adabu. Anaileta sista mmoja wa misheni, na hata yeye nimemwomba aishike ndani ya kitabu cha sala.

Umeniuliza mimi ni mwana wa nani. Nina miaka sabini na minne, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa upole.

Baba yangu aliitwa Mukendi. Alikuwa mtu wa Kasai, mpishi wa Bwana Barton. Mama yangu, Mbombo, alikuwa wa huko huko. Walifika hapa kwa miguu. Homa ilipomshika Bwana Barton, baba yangu alimuuguza siku kumi na moja, akamwosha, akamzika. Alikuta hana mke wala mtoto. Kwa watu wetu, mtu akifa bila kuacha wa kumwita jina, amepotea kabisa, hata kama alikuwa bwana, hata kama alikuwa Mzungu. Miezi mitatu baadaye nikazaliwa mimi. Baba yangu akasema, huyu ndiye. Akanipa jina lote, maana hakujua kwamba nusu yake ni ya ukoo. Padri naye akaliandika shuleni.

Kwa desturi, aliyepewa jina huheshimiwa kama mwenye jina. Baba yangu alikuwa akiniita Bwana Batoni. Nikiwa na miaka mitano, alinikatia mkate wa kwanza, akasimama nyuma ya kiti changu na kitambaa mkononi, mpaka mama yangu akacheka. Huo ndio upendo niliolelewa nao. Hakuna mapenzi ya Mwingereza hapo. Ni mpishi aliyemhurumia marehemu wake.

Sasa sikiliza lililobaki. Mwaka wa sitini, Katanga ilipojitenga, watu wa Kasai waliwindwa hapa mjini. Walinishika barabarani. Wakauliza baba yangu ni nani. Nilisema, Barton, Mzungu wa reli, na mama yangu ni wa hapa. Wakacheka, wakaniacha. Baba yangu alikuwa bado hai. Habari ilimfikia. Hakunikasirikia, siku iliyofuata aliponiona akasema tu, "Bonjour, Bwana," na safari hiyo mama yangu hakucheka. Alikufa kabla ya mwaka kwisha.

Nimekaa chini ya uongo huo miaka thelathini na miwili. Mathieu hajui. Nilitaka awe na paa. Sasa wale wahesabu nyumba wanarudi kila wiki, na barabara ya pili wameshachoma. Likijulikana, tutatolewa. Maman Berthe ni Msanga wa hapa, kila mtu anajua. Yeye wangemwacha, mimi sina pa kwenda. Kasai sijawahi kuikanyaga.

Soma, kisha chana. Mambo haya yakitulia nitamwandikia mwanangu mwenyewe.

Jérôme


Schaerbeek, 6 Septemba 1992

Papa yangu,

Nimeichana kama ulivyosema, lakini nimechelewa, maana nilishaijua yote kwa moyo. Nimelia kwenye tramu mpaka mama mmoja wa Kituruki akanipa kitambaa chake na hakukitaka tena.

Unasema hakuna mapenzi hapo. Papa, mimi sijawahi kusikia mapenzi makubwa kuliko hayo. Mukendi, mtu wa Kasai, mpishi, anamzika bwana wake, anaona uchungu kwamba atasahauliwa, anamtoa mtoto wake mwenyewe ambebee jina. Na kule Lancaster mama analeta maua akidhani mwanawe hana mtu duniani, kumbe huku kuna mtoto anakatiwa mkate kwa heshima yake. Laiti angejua. Mimi namwona Mukendi amesimama nyuma ya kiti. Namwona Mbombo anacheka. Akiwa msichana ataitwa Mbombo, nimeshaamua, Mathieu nitamwambia ni jina nililoliota.

Na usijihukumu kwa mwaka wa sitini. Ulikuwa mume, ulitaka kurudi nyumbani kwa mke wako. Mimi nikifikiri Mathieu angeshikwa barabarani, ningependa aseme uongo wote wa dunia ilimradi nisikie mguu wake kwenye ngazi. Nampenda hivyo. Akirudi na mikono imejaa grisi, ananishika kwa viwiko ili asinichafue, na mimi nasahau hata nilikuwa nikikasirikia nini. Mwambie Maman Berthe kwamba alizaa mtu mpole, na kwamba namshukuru kwa kila siku aliyombeba, kuanzia ya kwanza.

Uliniomba radhi kwa gundi. Hukuhitaji. Mimi barua hii nampa Bertin ikiwa wazi kama zote, maana amekuwa mwaminifu kwetu tangu mwanzo, na nikiifunga leo atajiuliza amekosa nini.

Binti yako, na mjukuu wa Mukendi kwa ndoa,
Mignonne


Schaerbeek, 8 Novemba 1992

Papa mpendwa,

Miezi miwili bila neno. Bertin hajarudi. Simu ya Likasi inaita kama inalia chini ya maji, kisha inakatika. Saluni imejaa habari. Mama mmoja anasema kituo cha treni kimejaa watu, wanalala juu ya magodoro yao wakingoja mabehewa. Mwingine anasema anatia chumvi. Mathieu anamwambia kila mtu kwamba kwenu ni salama, sisi ni Batoni. Anaposema hivyo mimi natoka nje.

Niandikie neno moja tu, Papa. Hata bila sahihi.

Mignonne


Mwene-Ditu, Kasai, 10 Januari 1993

Kwa watoto wetu Mathieu na Mignonne,

Ni mimi Berthe ninayesema, na Katekista Rigobert wa parokia ya hapa ndiye anaandika.

Mathieu, baba yako hayupo tena. Kaa kwanza, halafu mke wako aendelee kusoma.

Watu walijua kwamba baba yako ni wa Kasai. Walijua tu. Walitupa nafasi ya kuchukua vitu vya mkononi. Tulikaa kituoni Likasi wiki sita, juu ya mkeka, mvua ikinyesha. Watu walikuwa wengi kama siku ya soko, ila hakuna aliyeuza. Kifua kilimshika. Treni ilipokuja tulipanda behewa la makaa, na kabla ya kufika Kamina ilisimama siku mbili porini. Hapo ndipo alipokufa, tarehe 2 Desemba, saa ya chakula. Wanaume walichimba kando ya reli. Nimehesabu nguzo za telegrafu kutoka kaburini hadi kituo kinachofuata. Ni kumi na nne. Ukirudi utamwona.

Kule kituoni vijana walikuwa wakiniambia, "Mama, wewe ni wetu, toka humo, rudi kwako." Nikawaambia kwangu ndiyo huyu amelala kwenye mkeka.

Hapa wananiita mke wa Mukendi. Lugha yao siisikii bado. Wananipa chakula.

Msitafute nani alisema. Papa hakutaka.

Mama yenu,
Berthe


Schaerbeek, 7 Februari 1993

Maman Berthe,

Papa hakutaka tutafute, lakini mimi sikuhitaji kutafuta. Ni mimi.

Bertin alikuja saluni wiki iliyopita. Alipofika Lubumbashi mwezi wa tisa, njia ya Likasi ilikuwa imefungwa kwa watu wa biashara, akampa barua yangu dereva wa lori. Kwenye kizuizi walimpekua dereva wakaiona. Bahasha zilizofungwa walizitupa. Yangu ilikuwa wazi, mmoja akaanza kusoma. Bertin alilia mbele ya wateja wote, anasema ni yeye. Si yeye. Niliandika jina la Mukendi na jina la Kasai kwa mkono wangu, nikayaacha wazi kwa sababu nilitaka kuonekana nimelelewa vizuri. Papa aliniambia, "Tutatolewa." Nilisoma neno hilo, Maman, nikaliruka, kama yeye alivyoruka sahani yetu. Nilikuwa na furaha mno ya kusoma maneno mengine.

Nimemwambia Mathieu. Nimemwambia yote, tangu mpishi. Hakupiga kelele. Alisema, "Jina la babu yangu mimi nalisikia leo, na barabara ililisikia tangu Septemba." Tangu siku hiyo hajanena nami ila habari za mkate na ufunguo. Anakula amesimama. Mtoto atazaliwa wiki hii au ijayo, na jana nilimwuliza tumpe jina gani. Akasema, katika nyumba hii hakuna jina ambalo halijamwumiza mtu.

Siombi unisamehe. Naomba unichukie kwa maandishi, ili nijue bado nina mama mkwe.

Mignonne


Mwene-Ditu, 14 Machi 1993

Mutoto wangu Mignonne,

Katekista amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza alisoma haraka haraka, nikamwambia arudie, hatukimbizwi tena.

Papa alinikataza kusema habari ya barua. Kule kwenye mkeka aliniambia, Berthe, yule mutoto ameolewa juzi, usimtwishe. Sasa umejitwisha mwenyewe, donc mimi mdomo wangu umefunguliwa. Sikiliza namna ilivyokuwa, maana dereva hakuwepo na Bertin hakuwepo.

Walikuja wanaume wanne, saa nne ya asubuhi, nilikuwa nachambua majani ya sombe. Banza alikuwa pamoja nao. Ni jirani yetu wa ukuta, mkubwa wa barabara yetu, tumemzikia mtoto na yeye ametuzikia watatu. Mmoja wao akasimama kwenye ngazi yetu, akasoma barua yako yote mbele ya watu, akigeuza sauti yake kuwa ya mwanamke. Watu walicheka. Mimi nilikuwa sijawahi kukusikia mzima, kwa sababu Papa alikuwa akikuruka ruka. Siku ile hakuna kilichorukwa. Wale walikuwa wakicheka, mimi nilikuwa nikisikia namna mwanangu anavyopendwa huko aliko. Niliacha majani yaanguke. Uniwie radhi, ilikuwa siku mbaya, na katikati yake nilifurahi kidogo.

Alipomaliza, Banza akasema, "Muzee Batoni, tunakujua siku zote. Sema tu ni uongo ya mutoto wa Bulaya, sisi tuende zetu."

Unaelewa, mwanangu? Alimfungulia mlango. Wale wengine walikuwa tayari wamegeuka nusu. Lilitakiwa neno moja tu, na Papa alikuwa amekwisha kulisema mara moja, mwaka wa sitini. Mimi nilikuwepo mwaka ule. Nilimwona usingizi unavyomkataa tangu siku hiyo.

Papa akavua kofia. Akasema, "Mimi ni mwana wa Mukendi, mpishi. Mama yangu ni Mbombo."

Banza akamwambia tena, polepole, kama mtu anayeomba, "Muzee, fikiri." Papa akasema amefikiri miaka thelathini na miwili, inatosha. Kisha akaingia ndani kuvaa koti.

Nilimkasirikia, sitakuficha. Kule kituoni nilimwuliza kwa nini, na nyumba yetu, na kifua chake kile. Akasema hakuweza kumkana mzee wake mara ya pili, mbele ya watu, wakati mutoto wa mbali kabisa, ambaye hata hakumjua, amemwandika vizuri namna ile. Alipoandikisha jina la Mukendi kwa ajili ya treni, karani alimwuliza mara mbili kwa sababu ya kelele. Nilimwona anafurahi kuulizwa mara mbili.

Kosa lako lipo, sitakuambia halipo. Uliambiwa, hukusikia. Utakaa nalo, kama sisi tulivyokaa na letu. Lakini usilibebe na lile ambalo si lako. Yale maneno mlangoni aliyasema yeye, amesimama, na kichwa wazi.

Mathieu umkalishe. Akikataa kukaa, msomee akiwa amesimama, wewe mwenyewe, kwa sauti. Usiruke kitu, na mtoto, kama amekwisha kuzaliwa, asikie pia. Mwambie mama yake anasema mke wake hakumwua baba. Baba alikufa njiani, akienda kwao.

Mama yenu,
Berthe, mke wa Mukendi